Nguo ya Gaston Isiyoshika Moto

Sokoni Kasongo kila kitu kina bei tatu: bei ya mgeni, bei ya jirani na bei ya Mama Ushindi. Hiyo ya tatu muuzaji huitaja akiwa ametazama pembeni, kama mtu anayemezeshwa kwinini. Mama Ushindi mwenyewe, ambaye jina lake la ubatizo ni Consolée, haoni ubaya. Kwake mtu anayelipa bei ya kwanza ni mgonjwa, na mgonjwa anaombewa, haigwi.

Alizaliwa Kabambare, kwa wakulima wa mihogo na mpunga, watu wema waliouza mavuno yao kwa bei waliyotajiwa na mnunuzi, kisha wakarudi nyumbani wakimshukuru. Consolée aliitazama shukrani hiyo utoto wake wote mpaka ikamkinaisha. Alipoanza kuuza chumvi alikuwa bado anatembea peku. Kutoka chumvi akaingia samaki wakavu, akawa anawapelekea wachimba dhahabu wa Salamabila, wanaume wanaoshinda shimoni wakiota majumba na kutoka jioni wakiwa na njaa. Hali ambayo, kwa mwenye samaki, haina mfano wake. Kutoka samaki akaingia nguo za balo, yale marobota ya mitumba yanayofika juu ya lori yamekazwa mikanda. Hapo akahamia Kasongo, akapata meza, akapata mume, kwa mpangilio huohuo.

Biashara yake ilisimama juu ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa mgongo wake. Bei ikimshinda hakubishana sana. Aligeuka akaondoka, mwendo wa mtu anayewahi msiba, na hakuna aliyewahi kumwona akigeuza shingo. Walimwita. Walimwita siku zote, wengine kabla hajamaliza kugeuka. La pili lilikuwa wanga. Nguo iliyotoka kwenye balo imekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa, aliiloweka kwenye javeli, dawa ya maji ya kung'arishia nguo, mpaka madoa ya mwenyewe wa zamani yakakata tamaa, akaichovya kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akaianika, akaipiga pasi ya makaa mpaka suruali ikasimama yenyewe ukutani. Mteja akiona suruali inayosimama bila mtu ndani, alisema Consolée, anasahau kuuliza nani alikufa nayo.

Mume wake, Gaston, ana meza ya vipuri vya pikipiki mahali wanapoegesha motari, waendesha pikipiki za abiria. Ni mtu mpole, vidole vyeusi kwa girisi, ambaye hulipa bei ya kwanza hata kwa vitu alivyokuja kuuza yeye. Angeishi na kuzeeka hivyo hivyo, asiudhi mtu, kama si Yassine.

Yassine ananunua dhahabu. Jioni moja aliangalia mashindano ya magari kwenye simu yake, akagundua kwamba kitu pekee kinachopungua Kasongo, mji ambao kwenye baadhi ya mashimo yake mwenye baiskeli hushuka na kuvuka kwa miguu, ni kasi. Akaunda chama, Amikale ya Mbio, akajichagua rais, akaazima barabara ya vumbi inayolizunguka ghala la zamani la pamba nje ya mji. Wanachama walikuwa na magari matano na nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya mwalimu mmoja. Haikuwa na gia ya kurudi nyuma, jambo ambalo katika mbio, alieleza mwalimu, ni faida. Gaston alijipatia Toyota ndogo iliyoletwa juu ya lori kutoka Kalemie, milango mitatu, wa nne umeahidiwa.

Ajabu ya magari hayo ni matumbo yao. Matangi ya chini yalikuwa yameoza au yamepasuliwa na mawe njiani, na mafundi wa hapa wana dawa yao: bido, dumu la manjano la petroli, hufungwa kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva, mrija ukapita sakafuni hadi kwenye injini. Ni rahisi, linajazwa haraka, na dereva anaisikia petroli ikicheza nyuma ya shingo yake. Consolée aliwahi kuuliza kwa nini bido lisifungwe mbali na binadamu. Fundi alimweleza kwa upole kwamba likiwa mbali, gari likipanda kilima, petroli haifiki vizuri, yaani gari lingeweza kuchelewa.

Mwaka jana bido la Alain lilicheza kuliko kawaida. Alain, rafiki wa Gaston tangu shule, alitoka kwenye gari lake akiwa hai, na hakuna kingine kilichotoka. Consolée ndiye aliyemsaidia mke wa Alain kumbandua jezi ya nailoni mgongoni, kipande kwa kipande, wiki ile ya kwanza. Hakulia. Alikuwa anaangalia kitambaa. Nailoni haikuwa imeungua. Ilikuwa imeyeyuka, ikaingia ndani ya ngozi, ikakaa humo kama mwenye nyumba.

Kwa hiyo kiangazi hiki Yassine akatangaza sheria: hakuna atakayeanza mbio bila nguo isiyoshika moto, na yeye, rais, atazipima zote kwa kiberiti chake cha gesi mbele ya umma. Gaston akarudi nyumbani akisema nguo ya nini, yeye atakimbia polepole.

"Kama ni polepole, chukua baiskeli," Consolée akamwambia. "Moto hauulize kama ulikuwa wa kwanza ao wa mwisho."

Kumkataza gari hakumkataza. Mwanamume wa umri ule akikatazwa kitu hutafuta kingine, na vitu vinavyotafutwa na wanaume wa umri ule huwa ghali zaidi, tena vinazaa. Consolée alitaka jambo moja: mgongo wa Gaston ubaki kama ulivyo. Na kwa kuwa alikuwa Consolée, aliutaka kwa bei nzuri. Akamwambia mumewe akae na girisi yake, nguo ataitafuta yeye.

Alianza na simu. Huko ndani aliziona zile za kweli, za madereva wa kweli, kitambaa juu ya kitambaa, zipu ya chuma, mikono na shingo zimebana ili moto usipate mlango. Zilikuwa nzuri. Bei ya moja ilikuwa bei ya mabati ya nyumba nzima, bado gharama za kuifikisha Kasongo, na kufikisha kitu Kasongo ni biashara nyingine yenye sala zake. Lakini lililomuudhi zaidi Consolée halikuwa bei. Ni kwamba simu haipunguzi. Unaigeuzia mgongo, nayo inalala tu mezani, haikuiti.

Akaenda kwa Ruphin, fundi wa nguo mwenye cherehani mbili na maneno ya cherehani kumi. Ruphin alisema mashindano yasimtishe. Ameshashona salopeti mbili, zile nguo za kazi za kipande kimoja, kwa bashe la kufunikia lori, na hazipitishi kitu. Consolée akachomoa uzi mmoja, akauwasha. Wanaouza nguo wote hufanya hivyo ili wajue pamba na nailoni: pamba huwaka ikaacha jivu kama la karatasi, nailoni hujikunja ikadondosha tone jeusi. Uzi wa Ruphin ulidondosha tone ambalo lilitoboa kitambaa cha meza yake. Ruphin akalitazama tundu, akasema kwa mvua lakini, mama, haina mpinzani. Consolée akamwambia siku Yassine akiandaa mashindano ya mvua atarudi.

Ilibaki nguo moja ya kweli mjini, nayo ilikuwa ya Alain. Alain, baada ya kupona, alikuwa ameagiza kwa binamu yake Lubumbashi nguo kamili ya dereva, nyekundu, ya tabaka mbili. Gari hakuwa nalo tena. Aliivaa kwenye harusi, kwenye sherehe za shule, na jumapili moja ya joto kali alisoma nayo somo la kwanza kanisani, jasho likimtiririka, akiwa mtu pekee katika parokia nzima ambaye asingeungua.

Consolée alimkuta nyumbani kwake, akaishika nguo, akaipindua ndani nje. Vidole vyake vikamwambia ukweli mara moja, kwa hiyo uso wake ukaonyesha kichefuchefu. Alain alimweleza kwamba nguo hiyo haizuii moto. Inakununulia muda mfupi tu, muda wa kupapasa kitasa cha mlango na kukipata. Yeye mwaka jana alikipapasa bila kuwa na muda huo. Kisha akataja bei. Consolée akageuka, Alain akaita, bei ikashuka. Akageuka tena, akaitwa tena. Hapo mwenye akili angelipa. Lakini Consolée aliona mtu anayeshuka, na mtu anayeshuka kwa nini umsimamishe njiani?

"Shemeji," akamwambia, "wewe uko na nguo ya gari, na gari haiko. Ni kama mutu mwenye kununua tandiko na punda imekufa. Nitarudi ukipoa."

Alain aliikunja nguo yake taratibu. "Nilishapoa, shemeji. Walinimwangia maji siku tatu. Wewe utarudi tu."

Consolée aliondoka bila kugeuza shingo, akijua kuwa amesema neno moja zaidi, na kwamba neno hilo lina bei yake pia. Badala ya kurudi aliamua kwenda Salamabila. Ndivyo watu wenye kiburi wanavyofanya: wanafunga safari ndefu ili wasivuke barabara.

Alipanda nyuma ya motari, vumbi likamfanya mwekundu kuliko nguo ya Alain. Kabambare alisimama kwa kiasi cha kumwachia mama yake sabuni na kuambiwa amekonda, akaendelea. Salamabila alimjua mwanamke anayeitwa Latifa, ambaye kibandani kwake kunauzwa kila kinachoachwa na makampuni yanapoondoka au yanapolala usingizi: kofia ngumu, buti za mguu mmoja, miwani ya kuchomelea. Latifa alimtolea salopeti ya kijivu, ya wale waliokuwa wanasimama mbele ya tanuru dhahabu ikiyeyushwa. Pamba nzito, iliyonyweshwa dawa.

Hapo palikuwa na mazungumzo ya kupendeza, ya watu wawili wanaoheshimiana na kudanganyana sawasawa. Latifa aliapa kwamba aliyeivaa bado yuko hai, ana watoto tisa. Consolée akauliza kama alizaa nayo. Kola ilikuwa na doa la jasho la njano, magotini mafuta, na chini ya kwapa harufu iliyokuwa na umri wake. Lakini mishono ilikuwa kamili, zipu ya chuma, mikono ya kubana. Consolée akachomoa uzi, akauwasha. Uzi ukawa mweusi. Alipoondoa kiberiti moto ukafa palepale, bila tone. Akawasha pindo lenyewe ndani, mahali pasipoonekana. Likafa pia. Akarudisha kiberiti mfukoni na uso wa mtu aliyefiwa, akataja bei ya gunia la kusafishia sakafu. Aligeuka mara mbili, akaitwa mara mbili, na akaipata kwa bei ambayo Latifa alimsihi asiitaje mbele ya watu.

Alipokuwa anaifunga, Latifa akasema jambo la mwisho. "Mama Ushindi, hii haifuliwi kama nguo zingine. Maji na sabuni kidogo, basi."

Consolée aliitikia kwa kichwa, akacheka moyoni. Miaka yote hiyo sokoni alikuwa hajaona muuzaji anayesema usifue bila kuwa na kitu cha kuficha: rangi inayotoka, au tundu lililojazwa uchafu likaonekana zima. Yeye mwenyewe alishawaambia wateja maneno hayohayo, na sababu zake alizijua vizuri.

Nyumbani Gaston alipoivaa alifurahi kama aliyepewa kipaimara. Alitembea uani, akainama, akajaribu kukaa. Consolée alimtazama na kuona vitu viwili: kwanza, mgongo ule umefunikwa wote, na hilo lilimtuliza kuliko alivyotaka kukubali, pili, doa la kola. Jumapili, siku ya mbio, mji mzima ungesimama pale ghalani, wateja wake wote, na wangeona mume wa Mama Ushindi amevaa jasho la mtu mwingine. Hilo halikuwezekana.

Akailoweka kwenye javeli, ile kali, mpaka asubuhi. Akaisugua. Akaichovya kwenye wanga, mzito kuliko kawaida kwa kuwa siku yenyewe si ya kawaida. Akaipiga pasi mpaka ikang'aa. Salopeti ilisimama yenyewe ukutani, mikono imetanuka kidogo, kama askari anayesubiri kukaguliwa. Kuipima tena kwa kiberiti hakuona haja. Ilishapimwa Salamabila, na anayepima mara mbili, alisema, ni yule asiyejua alichonunua.

Jumapili watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa ghala. Waliotoka misa walikuja na vitabu vyao vya nyimbo, waliotoka msikiti wa jirani walikuja na watoto mabegani, na wauza sambusa walikuja kwa sababu wote hao wamekuja. Alain alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wa wageni wa heshima, ndani ya nguo yake nyekundu, amefunga zipu mpaka kidevuni. Gaston alifika akitembea kama kabati linalohamishwa. Watu walipiga miluzi, na wanawake wa soko wakamwambia Consolée kwamba hiyo ndiyo nguo. Leo hata moto utaomba ruhusa. Consolée alitazama mbele, kama mtu asiyesikia, akihakikisha amesikia yote.

Yassine alipita na kiberiti chake. Dereva wa kwanza alikuwa na koti la mchomeleaji, lilipita. Mwalimu alikuja na koti la sufu la marehemu babu yake, limeloweshwa maji, linadondosha. Nalo, kwa ajabu ya wote, likapita, ila mwalimu alilazimika kushikwa ili asimame. Zamu ya Gaston, Gaston akanyoosha mkono kwa fahari, na Yassine akagusisha moto kwenye pindo la mkono.

Moto ulipanda kama unajua njia. Ulifika kwenye kiwiko kabla Gaston hajaacha kutabasamu. Consolée ndiye aliyefika wa kwanza. Alivua kikwembe chake, kile kitenge cha juu, akaufunga mkono ule, akaubana kifuani kwake mpaka moshi ukakoma. Gaston alitoka na nywele za mkono zimeungua na ngozi imekuwa nyekundu kidogo, hakuna zaidi. Ila harufu iliyobaki hewani haikuwa ya nguo. Ilikuwa ya muhogo wa kuchoma, nzuri kabisa, na watoto waliokuwa karibu wakageuka kutafuta unauzwa wapi.

Consolée aliisikia, na akaelewa yote palepale: javeli ilikuwa imeila dawa, na juu ya pamba tupu yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alimpaka mumewe chakula cha moto. Biashara nzuri kuliko zote za mwaka ule aliitia wanga akaipiga pasi ikafa. Watu walianza kucheka, kwanza pembeni, halafu kila mahali.

Angeweza kumshika Gaston na kwenda naye nyumbani. Alishaanza kumshika. Lakini Gaston, mtu mpole, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumkatalia neno, aliivua salopeti, akabaki na shati la nailoni la mikono mifupi, akasema ataanza hivyo hivyo. Na Yassine, aliyetunga sheria, akatazama magari, akayahesabu, akaona yakipungua yatakuwa machache mno kwa mbio na mengi mno kwa aibu. Akasema basi, kwa leo, Amikale itafumba macho. Gaston akaenda kwenye gari lake. Bido lilikuwa limejaa mpaka shingoni.

Consolée hakumfuata. Alikata uwanja moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha plastiki.

"Alain. Bei yako."

Alain akataja. Ilikuwa juu kuliko ile ya kwanza kabisa ya nyumbani kwake.

"Nimekubali," Consolée akasema, mkono tayari kifuani unapolala mfuko wake wa fedha.

Alain hakusimama. Alimtazama kama mtu aliyemwona marehemu akipita sokoni. Akauliza amekubali nini. Consolée akasema bei. Alain akasema alikosea, akaongeza. Consolée akakubali hiyo pia, na hapo ndipo hofu ikamwingia Alain hasa. Mama Ushindi hajawahi kukubali. Kama Mama Ushindi amekubali mara mbili, basi nguo hii ina thamani ambayo mwenyewe haijui; labda Yassine ametenga zawadi ya siri, labda kuna mtu Salamabila anazinunua kwa dhahabu. Akaishika kola kwa mikono miwili.

"Hapana, shemeji. Haiuzwe. Kuna kitu unanificha."

Nyuma yao injini ya kwanza iliwaka. Consolée aliona kwamba ukweli hautamsaidia. Angeweza kumwambia anaogopa. Hakuna mtu sokoni Kasongo ambaye angeamini. Kulikuwa na njia moja tu ya kumfanya mtu huyu auze, nayo ni kumpa heshima yake. Akavuta pumzi, akaanza.

Alisema nguo yenyewe ina harufu ya pombe ya harusi tatu. Alisema magoti yamechakaa kwa kupiga magoti kanisani, na rangi imepauka upande mmoja kama papai lililolaliwa. Alisema mtu mnene hawezi kuingia na mwembamba anapotea humo. Kadiri alivyotukana ndivyo uso wa Alain ulivyorudi kwenye uhai. Akaachia kola, akajibu, akaketi vizuri, akaanza hata kutabasamu. Bei ikashuka hadi ile ya kwanza. Ikashuka tena kidogo. Injini ya pili ikawaka, na ya tatu. Alain akafika mahali, akasema chini ya hapo hashuki hata kwa bunduki.

Na hapo mwili wa Consolée ukafanya ulichozoea. Hakuuamuru. Uligeuka wenyewe, ukaondoka, mwendo wa kuwahi msiba.

Hakuna aliyeita.

Alipita kiti cha kwanza cha wageni wa heshima, akapita cha pili. Alisubiri sauti. Alain alikuwa kimya nyuma yake, kimya cha mtu aliyepoa kabisa. Mbele yake Consolée aliuona mlango wa Toyota ukifungwa kwa waya, ule wa upande wa Gaston, na nyuma ya kiti ule umanjano ukicheza. Shati la nailoni lilikuwa limemshika Gaston mgongoni kwa jasho.

Consolée akageuka.

Wanawake wa soko waliokuwa wakicheka wakagusana viwiko. Baadaye kila mmoja alisimulia kwamba yeye ndiye aliyeona wa kwanza. Alain alisubiri mpaka akafika.

"Shemeji," akamuuliza, "umesahau kitu?"

"Vua," Consolée akasema, akamwekea fedha zote mapajani.

Alain akavua palepale, mbele ya wageni wa heshima, akabaki na kaptura. Alipogeuka kuinamia miguu ya nguo, mgongo wake ukaonekana na mji mzima, vile ulivyo, na kicheko kilichokuwa kimebaki upande wa ghala kikazimika. Gaston aliuona kupitia dirisha. Alizima injini bila kuambiwa. Alivua shati, akaivaa nguo nyekundu, mkewe akampandisha zipu mpaka shingoni, na hakuna aliyesema lolote, kwa kuwa zipu ilikuwa inakwama na ilihitaji akili ya wote wawili.

Nguo ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Gaston alimaliza wa nne, nyuma ya mwalimu, ambaye kweli hakurudi nyuma hata mara moja. Bido halikupasuka. Siku nzima hakikuungua kitu pale ghalani isipokuwa mkono mmoja wa salopeti, na jioni walikuwapo watu wa kumwambia Consolée kwamba basi ametupa fedha bure. Aliwajibu kwamba ndivyo alivyokusudia. Fedha zikitupwa hivyo kila mwaka hatalalamika.

Salopeti ya kijivu aliikata mikono, akaitundika mezani kwake, na kila aliyeuliza alimwambia ukweli: inaungua vizuri sana. Iliuzwa kabla ya wiki kwisha kwa motari mmoja aliyependa jinsi inavyosimama. Ile nyekundu aliifua mwenyewe, kwa maji na sabuni kidogo, basi, akiwa amehamishia chupa ya javeli upande wa pili wa ua kana kwamba ina mkono wa kumshika.

Mwezi uliofuata Alain akaja. Mpwa wake anaolewa, na bila nguo ile, alisema, watu hawatamjua. Aliomba kuiazima kwa siku moja. Consolée akamwambia haiazimwi, inakodishwa, akataja bei. Alain akashika kichwa, akasema hiyo ni bei ya kuinunua. Akatoa yake. Consolée akaendelea kukunja mashati. Alain akamtazama, akatazama nguo nyekundu kwenye kamba, kisha akageuka na kuondoka, mwendo wa haraka, mabega juu, kama alivyoona wengine wakifanya.

Consolée hakuita. Alikunja shati moja, akakunja la pili.

Alain alifika mpaka penye mwuza chumvi wa kona. Akasimama.

"Shemeji," Consolée akamuuliza aliporudi, bila kuinua macho, "umesahau kitu?"